Alifanya kazi, jina likaandikwa la mwingine

Maisha ya mama Alice Guy, mwanamuke wa kwanza kuongoza filme



Mu camp na mu site zetu, leo hakuna nyumba isiyojua filme. Zamani tulikusanyika mbele ya shuka nyeupe iliyofungwa ku ukuta, wakubwa juu ya viti, watoto chini. Kisha ikafika televizio, kisha video, na sasa mutoto wa miaka mitano anakamata telefone ya baba yake na kuangalia filme peke yake. Tunajua majina ya wachezaji. Tunajua nani alimupiga nani, na nani alioa nani. Lakini mara ngapi tunauliza: ni nani aliyewaza kwanza kwamba ile masini ya picha inaweza kutuelezea hadisi?

Ukiuliza wenye masomo, watakuambia majina ya wanaume: ndugu wawili Lumière wa Lyon, na Georges Méliès, mufanya mazingaombwe wa Paris. Majina hayo ni ya kweli, na heshima yao wanaistahili. Lakini pembeni yao kulikuwa musichana mumoja, sekretere wa buro, daktilo. Katika maisha yake alifanya filme karibu 1000, ukihesabu na zile fupi za dakika moja. Na alipokuwa muzee, alifungua vitabu vya historia ya sinema, akakuta filme zake mwenyewe zimeandikwa kwa jina la watu wengine.

Jina lake Alice Guy. Njo habari yake nataka kukuelezea mwezi huu. Usiseme mbio: hii ni mambo ya wazungu wa zamani, inanihusu nini? Soma kwanza mupaka mwisho.

MUTOTO WA MUUZA VITABU

Alice alizaliwa tarehe 1 mwezi wa saba 1873 huko Saint-Mandé, karibu na Paris. Baba yake alikuwa na biashara ya vitabu mbali sana, inchi ya Chile, ku Amerika ya Kusini. Mutoto alilelewa kwanza na nyanya yake huko Uswisi, kisha mama yake akamupeleka Chile, kisha wakamurudisha Ufaransa kusoma kwa masista. Utaona kwamba tangu utoto alizoea kufunga muzigo na kuanza upya fasi ingine.

Biashara ya baba ikaanguka. Ndugu yake mukubwa akafa, na mwaka 1891 baba naye akafa. Mama akabakia mujane, feza hakuna. Ninyi munaojua nyumba ambamo baba amekufa na mushahara umekatika, munaelewa bila mimi kueleza zaidi. Musichana akajifunza kuandika na masini na kuandika kwa alama za mbio, kazi iliyokuwa mupya wakati ule. Mwaka 1894 akapata kazi ya usekretere mu kompani moja ya Paris iliyouza vyombo vya fotografi. Mule ndani alikuwa bwana mumoja, Léon Gaumont. Mwaka 1895 Gaumont akaikamata ile kompani pamoja na watu wengine wenye feza. Mumoja wao alikuwa Gustave Eiffel, yule wa munara wa chuma wa Paris. Alice akabakia ku meza yake, na masini yake ya kuandika.

ILE SIKU YA MWEZI WA TATU 1895

Tarehe 22 mwezi wa tatu 1895, Gaumont na sekretere wake waliitwa kwenda kuona kitu kipya mu chumba kimoja cha wataalamu huko Paris. Ndugu Lumière walikuwa wakionyesha masini yao. Kumbuka, watu wote hawajaiona bado. Onyesho la kwanza la kulipa lilifanyika tu tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ule.

Ni nini walichoona? Wafanyakazi wanatoka ku usini. Basi. Mulango unafunguka, wanamuke na wanaume wanatoka, mumoja juu ya kinga, mbwa anapita. Ninyi wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kipushi, munaona picha ile kila siku wakati kazi inaisha, bila kulipa kitu. Lakini siku ile, kuona watu wakitembea juu ya ukuta kulikuwa ajabu kubwa.

Wanaume wenye kompani waliona nini? Waliona masini ya kuuza. Gaumont alikuwa fundi na mufanya biashara. Alitaka kuuza kamera, na filme zilikuwa kwake kama mufano wa kuonyesha wanunuzi kwamba kamera inafanya kazi. Treni inapita, askari wanatembea, imetosha. Lakini Alice alikuwa mutoto wa muuza vitabu, na alikuwa amecheza mu teatre na marafiki wake. Yeye akawaza: watu watachoka kuona treni. Ingefaa tuwaelezee hadisi.

Akaenda kwa patroni, akaomba ruhusa. Patroni akakubali, lakini na masharti: kazi ya usekretere isilale. Barua ziandikwe kwanza, filme nyuma. Njo vile sinema ya hadisi ilivyopata mumoja wa wazazi wake: mu saa zilizobakia, nyuma ya kazi, kwa mutu ambaye hapana mutu alimuzania kuwa na akili ile.

MASHU NA WATOTO

Filme yake ya kwanza inaitwa La Fée aux choux, maana yake malaika wa mashu. Ku Ufaransa, mutoto akiuliza alitoka wapi, wazazi walimujibu: tulikuokota ndani ya shu, mu bustani. Sisi tunawaambia wetu kwamba tulimununua mutoto ku lopitalo! Alice akafanya rido ya rangi, mashu ya kuchongwa, marafiki wake wakavaa nguo za mchezo, na mwanamuke muzuri akatoa watoto wachanga kutoka ndani ya majani. Yote dakika moja hivi. Yeye mwenyewe alisema ni mwaka 1896, mbele ya kufikisha miaka 23. Wataalamu wanabishana bado juu ya mwaka, kwa sababu nakala iliyobakia ni ya 1900 na haifanani kabisa na ile aliyoieleza. Lakini juu ya neno moja hawabishane: hakuna mwanamuke aliyemutangulia katika kazi hii, na kwa miaka kama kumi pengine alikuwa peke yake katika dunia nzima.

Filme ikauzwa vizuri. Sasa patroni akaona feza, na masharti yakabadilika! Alice akawa mukubwa wa kazi yote ya kutengeneza filme za Gaumont. Alichagua hadisi, alitafuta wachezaji, alisimamia nguo na rangi, na aliwafundisha vijana waliokuja nyuma. Mumoja wa wale aliowaingiza ni Louis Feuillade, ambaye baadaye alikuwa na jina kubwa sana Ufaransa. Kisha wao wakaandikwa mu vitabu mbele ya aliyewafundisha.

ALIIMBISHA SINEMA

Watu wengi wanasema kwamba sinema ya zamani ilikuwa bubu mupaka mwaka 1927. Haiko vile kabisa. Tangu 1902 hivi, Gaumont alikuwa na masini iliyoitwa Chronophone, iliyofunga kamera pamoja na gramafoni. Mwimbaji aliimba kwanza, sauti ikashikwa peke yake. Kisha alisimama mbele ya kamera, sauti yake ikipigwa, naye akafungua kinywa sawasawa na wimbo. Vijana, si munajua kitu hicho? Wanamuziki wetu wanafanya vile mu klipi zao zote, tunaita playback. Basi ujue: zaidi ya miaka mia iliyopita, mama huyu aliongoza filme zaidi ya mia moja za namna ile. Kuna hata filme fupi ya mwaka 1905 inayomuonyesha yeye mwenyewe ku kazi, amesimama katikati ya watu na vyombo, akipanga wachezaji. Wenye kusema baadaye kwamba alikuwa sekretere tu, picha ile inawajibu.

MAISHA YA YESU, MWAKA 1906

Hapa mimi kama pasta siwezi kupita mbio. Nilipokuwa mutoto, filme ya kwanza niliyoiona juu ya shuka nyeupe ilikuwa ya maisha ya Yesu. Nilimulilia Yesu kabisa, na usiku sikulala. Sikujua kwamba njia ile ilifunguliwa zamani sana, na kati ya waliofungua kulikuwa na mwanamuke.

Mwaka 1906, Alice aliongoza filme ya kuzaliwa, maisha na kufa kwa Kristo. Ilikuwa na sehemu 25, watu kama 300 wa kujaza picha, na ilichukua zaidi ya nusu saa, wakati filme nyingi zilikuwa za dakika chache tu. Gaumont alikuwa amejenga studio kubwa ya vioo mu Paris, na sehemu zingine walizikamata inje, mu pori la Fontainebleau. Kwa kupanga nguo na nyumba, Alice alifuata picha za Biblia za muchoraji James Tissot, aliyesafiri mupaka Palestina kwenda kuangalia inchi na watu kwa macho yake. Juu ya kuwapanga wale watu wengi, alisaidiwa na Victorin Jasset. Shika jina hilo, tutalikuta tena.

Ukiiangalia leo, kamera haisogei sana. Imesimama kama mutu aliyeketi mu teatre. Lakini angalia ni nani amechaguliwa. Mwanamuke Musamaria ku kisima yuko. Binti Yairo anaamushwa. Mwanamuke anaosha miguu ya Yesu. Ku njia ya musalaba anatokea Veronika na kitambaa chake. Huyu Biblia haimutaji, ni mapokeo ya Wakatoliki, lakini Alice alimuweka. Mutu mwingine angejaza filme na askari na makuhani. Yeye alijaza filme ile na wale waliokuwa karibu na Yesu bila kutajwa sana. Hakusimama kuhubiri juu yao. Aliwaweka tu mbele ya kamera, wewe uwaone.

KICHEKO CHENYE MENO

Usifikiri alikuwa mama wa huzuni. Alipenda kuchekesha. Mwaka ule ule 1906 alifanya filme ya mama mwenye mimba mwenye tamaa ya kila kitu. Anamunyanganya mutoto bonboni ya kijiti. Anakamata pombe ya bwana ku bar. Anaiba samaki ya mwombaji, anaiba na kiko ya muuzaji. Bwana yake anafuata nyuma na kigari cha mutoto, haya imemushika. Na kila mara mama anapoonja, kamera inamufikia karibu sana, unaona uso tu: macho, midomo, utamu. Leo tumezoea uso mukubwa mu filme. Wakati ule karibu filme zote zilionyesha mutu muzima, kichwa mupaka viatu. Alice aliona kwamba hadisi iko ndani ya uso.

Filme ingine ya 1906 iligeuza dunia chini juu. Wanaume wanashona, wanapiga pasi, wanabeba watoto. Wanamuke wanaketi ku bar, wanavuta tumbaku, wanakunywa, wanawasumbua wanaume. Watu walicheka sana. Lakini baba, ukicheka ile filme mupaka mwisho, unaanza kujiuliza: ninacheka nini? Si njo vile tunavyowafanyia kila siku? Ku mwisho wanaume wanakasirika na kurudisha mambo kama zamani. Alice hakutukana mutu. Aliweka kioo tu.

“UWE VILE UKO”

Mwaka 1907 Alice akaolewa na Herbert Blaché, Mwingereza aliyefanya kazi vilevile kwa Gaumont. Akaacha cheo chake, akamufuata bwana yake Marekani kwenda kuuza ile masini ya Chronophone. Biashara haikuenda. Mwaka 1908 wakapata binti. Mutu mwingine angesema: nimemaliza, nilee mutoto. Lakini mwaka 1910 Alice akaanzisha kompani yake mwenyewe, jina lake Solax. Mwaka 1912, mwaka aliozaa mutoto wa pili, Solax ikafungua studio yake huko Fort Lee, inchi ya New Jersey, kwa feza zaidi ya dola 100000. Hollywood haijawa kitu bado. Fort Lee njo ilikuwa muji wa filme. Mwanamuke mugeni, anayesema Kingereza na sauti ya Kifaransa, alikuwa patroni wa studio nzima.

Mu studio ile alitundika kibao kikubwa, maneno mawili ya Kingereza: Be Natural. Maana yake: uwe vile uko. Wachezaji wa wakati ule walitoka mu teatre, walizoea kutupa mikono juu, kuzungusha macho, kushika kifua sababu watu wa nyuma waone. Yeye aliwaambia hapana. Kamera iko karibu, inaona. Ukiwa na huzuni, uwe nayo kweli, usiichore. Wapendwa, mimi kama muhubiri kibao kile kingenifaa ku mimbari!

Acha nikupe hadisi tatu za filme zake za 1912, uone namna alivyowaza.

Ya kwanza ni ya majani yanayoanguka. Binti mukubwa anaugua kifua kikuu. Munganga anawaambia wazazi: jani la mwisho likianguka, naye atakuwa amekwenda. Mudogo wake, kitoto kidogo, anasikia. Usiku anatoka inje na nguo ya kulala, na kamba mukononi, anaanza kufunga majani ku miti, moja moja, sababu yasianguke. Munganga mwingine anayepita njiani anamuona, anamuuliza unafanya nini, na kumbe huyu analeta dawa mupya ya ugonjwa ule. Dada anapona. Sisi tunaoishi na vumbi ya mine, tunaojua kikohozi kisichoisha, hatuwezi kuangalia kile kitoto na kamba yake bila kuguswa. Mutoto hakuelewa maneno ya munganga. Lakini alifanya kazi aliyoiweza.

Ya pili ni ya bwana mumoja kutoka Urusi anayefunga bibi yake pamoja na punda kuvuta gari, yeye anaketi juu na fimbo. Wanahamia Marekani. Kule mara kwa mara watu wanamusimamisha: mwanamuke abebe muzigo wote na wewe mikono mitupu? Beba wewe. Anampiga bibi, wanamupeleka ku gereza. Ku mwisho anajifunza. Anarudi nyumbani, analima bustani, na anaketi ku meza na bibi yake kwa heshima. Ukitaka, tembea asubui ku barabara ya mashamba, uangalie nani amebeba kuni, mutoto na mihogo, na nani anatembea mbele na telefone tu. Kisha uniambie kama filme hii imezeeka.

Ya tatu ni ya mujinga na feza zake. Wachezaji wote ni Wamarekani weusi. Ni moja kati ya filme za zamani kabisa zilizobakia za namna ile. Kijana masikini anaokota feza. Mbio ananunua nguo za bei, saa, anafanya sikukuu, musichana anamukubali. Wajanja wa karata wanamuibia yote usiku mumoja, na musichana anaenda na mwenye kumuibia. Sitaficha kwamba mule ndani kuna mizaha ya wakati ule juu ya watu weusi ambayo leo haitupendeze. Lakini muchimbaji anayepata mufuko muzuri siku ya tano, na siku ya kwanza hana hata ya unga, asome hadisi ile mara mbili.

KUANGUKA

Kisha mambo yakageuka. Filme zikawa ndefu, za bei kali. Kompani kubwa zikahamia California, fasi ya jua. Vita ikaja. Solax ikaisha, Alice akafanya filme kwa ajili ya wengine. Mwaka 1918 bwana yake akaenda Hollywood, akamuacha yeye na watoto. Alice akashikwa na ile mafua kali iliyoua watu mamilioni, akapona kwa shida. Filme yake ya mwisho ilitoka 1920. Studio ikauzwa kwa mnada. Mwaka 1922, ndoa ikavunjika kisheria, na yeye na watoto wawili wakapanda meli kurudi Ufaransa. Alikuwa na miaka 49. Akatafuta kazi ya filme. Hakupata. Mutu aliyeongoza filme karibu 1000, hakuongoza tena hata moja. Aliandika hadisi za watoto ndani ya magazeti sababu nyumba ile.

Wapendwa, hapa njo uchungu unaanza. Kuanguka, watu wote wanaanguka. Lakini mwaka 1930, kompani ya Gaumont ilipoandika historia yake, kazi ya miaka yote ya mbele ya 1907 haikutajwa. Ni kusema, yeye hakuwepo. Na wataalamu walipoanza kuandika vitabu vya historia ya sinema, filme zake zikagawanywa kwa wanaume. Ile ya maisha ya Kristo ikaandikwa kwa jina la Jasset, musaidizi wake. Unakumbuka?

Namna gani kitu kama hicho kinafanyika? Si kila mara kwa wivu. Filme za zamani hazikuandikwa jina la aliyeziongoza. Ziliandikwa alama ya kompani tu. Nakala ziliuzwa, zikachakaa, zikaungua, zikatupwa. Na mwandishi wa baadaye, akikosa jina, aliuliza nafsi yake: nani angeweza kufanya kazi kubwa hivi? Akajibu: bwana fulani. Hakuwaza mama. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na kazi bila daftari inapata jina la mwenye kusema kwa nguvu.

MAMA NA ORODHA YAKE

Alice hakunyamaza. Alirudi Marekani kutafuta filme zake, akakuta mikono mitupu. Akakaa chini, akaanza kuandika orodha: filme hii nilifanya mwaka fulani, na wachezaji fulani, fasi fulani. Akawaandikia wataalamu, akawasahihisha. Gaumont mwenyewe alikubali kwamba amekosa na kwamba atasahihisha historia ile, lakini akafa mwaka 1946 mbele ya kitabu kutoka. Katika miaka ya 1950 serikali ya Ufaransa ikamupa medali ya heshima kubwa. Akaandika maisha yake, lakini hapana mutu alikubali kuchapisha. Tarehe 24 mwezi wa tatu 1968 akafa huko New Jersey, karibu na binti yake, akiwa na miaka 94. Kitabu chake kilitoka 1976, miaka nane nyuma ya kufa.

Na leo? Filme zake kama 150 zimepatikana, zingine ndani ya sanduku ambazo hapana mutu alizijali. Mwaka 2012, watu wa Fort Lee waliweka jiwe mupya juu ya kaburi lake, lenye kutaja kwamba alikuwa mwanamuke wa kwanza kuongoza filme na kompani yake iliitwa Solax. Mwaka 2018 ikatoka filme kubwa juu ya maisha yake. Na tarehe 26 mwezi wa saba 2024, wakati michezo ya Olimpiki ilifunguliwa ku Paris, sanamu kumi za rangi ya zahabu za wanamuke wa Ufaransa zilitokea kando ya muto Seine. Moja ilikuwa yake. Pengine wewe uliiona ku televizio bila kujua ni nani.

NA SISI?

Ndugu musomaji, sikukuelezea haya sababu kila mutu atafute sanamu ya zahabu. Nilikuelezea sababu ya zambi moja ndogo ambayo hatuhubiri juu yake: kukamata jasho la mwingine na kuliandika jina letu.

Nianze kwangu. Mbele ya kanisa ninamotumika kuna jiwe la musingi. Juu yake kuna jina la pasta, jina la mukubwa aliyekuja siku ya kulifungua, na tarehe. Wamama waliobeba muchanga juu ya kichwa kutoka muto, musimu muzima, hawapo. Niliangalia jiwe lile nyuma ya kusoma maisha ya Alice Guy, na nikasikia haya. Tumekubaliana na wazee wa kanisa: kila mama aliye hai tumuulize, na majina yote tuyaandike mu daftari la kanisa, mbele wa mwisho hajakufa.

Unakumbuka wajane wa Yafa, wakati Dorkasi alikufa? Hawakufanya hotuba. Walimuonyesha Petro nguo alizoshona kwa mikono yake. Kazi ilisema. Lakini ilihitaji watu wa kuishika mukononi na kusema: hii ni ya Dorkasi.

Basi, nyumbani mwako, shika haya. Baba, karatasi zako za kazi, hata za kompani iliyokufa zamani, ziweke fasi moja, na bibi ajue ni wapi. Ninyi munaochimba pamoja, kila mufuko uandikwe jina la aliyeutoa, hata kama anayeuza ni mwingine. Mama, feza unayoingiza na mandazi au na mboga, andika mu kaye. Ukiulizwa nani alilipa masomo ya watoto, kaye itajibu. Na ninyi vijana wenye telefone, muketi na nyanya jioni moja, mumuulize alifanya nini katika maisha yake, na mushike sauti yake wakati angali nayo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MU JAMAA

1. Ni kazi gani mu nyumba yetu inayofanyika kila siku bila mutu kutaja jina la anayeifanya?

2. Baba, kama tungefanya sawa ile filme ya 1906 na kugeuza kazi zetu kwa juma moja, ungeona nini?

3. Kile kitoto kilifunga majani na kamba. Ni nini kidogo ambacho wewe unaweza kufanya kwa mugonjwa wa karibu nawe?

4. Ku kazi au ku kanisa, uliwahi kusifiwa kwa jambo ambalo mwingine alifanya? Ulisema ukweli? Kama hapana, mutu yule angali hai?

Ile swali ya ine, usiijibu mbele ya watu. Vaa viatu, wende kwake.